Kuwaka si Kuaminika

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tuliisikia tungali wadogo, kutoka kwa wazee ambao daftari lao lilikuwa moja tu, limefungwa kwa kamba na kuhifadhiwa kashani pamoja na hati za shamba. Leo daftari limehamia ndani ya kompyuta, na kasha limekuwa sanduku la bati lililo chini ya meza. Hukumu ya methali, hata hivyo, haikuhama. Ikiwa daftari hili jipya halina mahali pa kuegemea, mali ya watu itapotea vile vile, na pengine itapotea pamoja na heshima ya mtu asiye na kosa.

Nayasema haya kwa sababu yametokea mbele ya macho yangu, hapa Kizota, katika kata hii ya maghala ya nafaka, karakana na mashine za kusaga iliyo upande wa magharibi wa Jiji la Dodoma. Kipo kikundi kidogo cha kuweka na kukopa ambacho wanachama wake ni mama lishe, wachukuzi wa magunia, mafundi wa kuchomelea na wastaafu wachache. Mimi ni mmoja wa walezi wake. Hesabu zake zilikuwa zikiandikwa katika kompyuta moja ya mtumba, iliyonunuliwa kwa michango, nasi tuliiona kuwa ni hatua ya maendeleo.

Jumamosi moja jioni, binti yetu mhasibu alikuwa akiandika mikopo iliyotolewa siku ile. Kioo kikazima ghafla, kikawaka tena chenyewe, naye akaendelea na kazi. Hakutambua kwamba mikopo mitatu aliyokwisha kuiandika haikuhifadhiwa. Kasha lilipohesabiwa, fedha zilikuwa pungufu kuliko hesabu za kompyuta. Kwa siku tatu nzima binti yule alitazamwa kama mwizi. Kilichomwokoa ni vipande vya stakabadhi vyenye sahihi za wakopaji, ambavyo kwa bahati njema alikuwa na mazoea ya kuvitunza. Laiti angelitegemea mashine peke yake, leo tungekuwa tumemfukuza kazi, nasi tungelala usingizi tukidhani tumetenda haki.

HOJA MBILI, ZOTE BILA KIPIMO

Kamati ilipokutana, wengine walisema ni umeme wa gridi. Wengine wakasema ni virusi. Fundi aliyeitwa alitaja jambo la tatu: ile pawa saplai, yaani kile kijisanduku chenye feni kilicho nyuma ya kompyuta, ambamo waya wa ukutani huingia. Hapo ndipo mabishano yalipoanza kwa dhati.

Mama Mhazini, ambaye kila shilingi ya kikundi huipigania kana kwamba ni ya mwanawe, aliuliza: "Ndugu fundi, je, inawaka?"

Fundi akajibu: "Inawaka, mama."

"Basi kwa nini tutupe kitu kinachowaka? Fedha hizi ni jasho la watu."

Kijana mmoja naye akataka tuiache kompyuta nzima na kununua mpya. Kwake yeye kila kilicho kikuukuu kilikuwa kibovu.

Ndugu msomaji, hoja zote mbili zilikuwa na chembe ya haki, na zote mbili zilikuwa na kasoro moja. Hapana hata mmoja aliyekuwa amepima. Mama Mhazini alichukua kuwaka kuwa ni ushahidi wa uaminifu. Kijana alichukua uzee kuwa ni ushahidi wa ubovu. Nilipokuwa chuoni, kabla sijaingia shule ya Serikali, mwalimu wetu alitufundisha kwamba maneno amana, imani na uaminifu yana shina moja katika Kiarabu. Amana ni kitu cha mwenzio kilicho mkononi mwako. Kwa hiyo tulipoulizana kama kifaa kile kinaaminika, hatukuwa tukizungumzia waya na bati tu. Tulikuwa tukiulizana kama kinastahili kukabidhiwa amana ya watu.

KAZI YA KIFAA HIKI

Yafaa kwanza ieleweke kazi ya kifaa chenyewe. Umeme wa ukutani katika nchi yetu ni wa volti 230, nao ni mkondo geu, yaani hugeuka mwelekeo wake huku na huku, duru 50 kwa kila sekunde. Kompyuta haiwezi kuutumia ulivyo. Yataka mkondo mnyoofu wa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Pawa saplai huupokea ule umeme mkali, huunyoosha, huukatakata maelfu kwa maelfu ya mara katika sekunde moja, huupitisha katika transfoma ndogo, kisha huusafisha kwa vikopo vidogo viitwavyo kapasita. Kapasita ni kama mtungi wa maji nyumbani: bomba likikatika kwa kitambo kidogo, mtungi huendelea kuwapa watu maji.

Kanuni za ujenzi wa kompyuta za mezani, ambazo msingi wake uliwekwa na kampuni ya Intel mwaka 1995, zinataka volti hizo zisipande wala kushuka kupita asilimia 5. Maana yake ni kwamba ile ya 12 isishuke chini ya 11.4 wala isivuke 12.6, ile ya 5 ibaki kati ya 4.75 na 5.25, na ile ya 3.3 ibaki kati ya 3.14 na 3.47. Aidha zinataka umeme wa ukutani ukikatika ghafla, kifaa kiweze kuishikilia kompyuta kwa takribani sehemu 17 za elfu moja za sekunde. Ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini watosha kuvuka misukosuko mingi ya waya za mtaani.

Adui wa kapasita ni joto. Ndani yake mna majimaji ambayo hukauka polepole, na wataalamu hukadiria kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazopungua huuzidisha umri wake maradufu, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka huukata nusu. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 yaweza kukadiriwa saa 32,000 ikifanya kazi katika nyuzi 65. Ofisi ikifanya kazi saa 8 kwa siku 300 za mwaka, hiyo ni miaka kama 13. Lakini ile ya bei nafuu, iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 85, katika joto hilo hilo la 65 itapata saa 8,000 tu, yaani miaka 3 na miezi michache. Vifaa viwili vyaweza kufanana kwa nje kama mapacha, mmoja akawa na umri wa punda na mwingine umri wa kuku.

Sasa tuifikirie Dodoma yetu. Miezi mingi ya mwaka hatuoni tone la mvua. Upepo wa kiangazi huinua vumbi jekundu, nalo huingia kila penye tundu, likagandamana katika mapezi ya feni na kuyafunika yale yaliyomo ndani kama blanketi. Feni ikizunguka kwa uchovu, joto hupanda. Joto likipanda, kapasita hukauka. Kifaa ambacho kingedumu miaka mingi katika chumba safi chenye ubaridi huzeeka upesi katika ofisi iliyopakana na mashine ya kukoboa mahindi.

JINSI TULIVYOPIMA

Tulikubaliana kutoamua neno kwa muda wa majuma mawili, na badala yake kukusanya ushahidi. Binti mhasibu alipewa daftari la karatasi, akaamriwa pia kuhifadhi kazi yake kila baada ya kuandika mstari mmoja. Katika daftari lile aliandika kila mara kompyuta ilipozima: siku gani, saa ngapi, taa zilicheza au hazikucheza, na ile kompyuta nyingine iliyochomekwa katika soketi hiyo hiyo ilifanya nini.

Majuma mawili yalipokwisha, mzimo ulikuwa umetokea mara saba. Mara tano ulitokea alasiri, wakati mota za jirani zinapoanza kuunguruma na taa za ofisi kufifia kidogo. Wale waliolaumu gridi wakataka kushangilia. Lakini daftari lilionyesha jambo jingine: kompyuta ya pili, katika soketi ile ile, chini ya taa zile zile, haikuzima hata mara moja. Na ile mizimo miwili iliyosalia ilitokea saa saba mchana, katika joto kali, taa zikiwa zimetulia kabisa. Basi mtikisiko wa umeme ulikuwa sababu ya kuanguka, lakini ugonjwa ulikuwa ndani ya mgonjwa mwenyewe. Mtungi wake ulikuwa hauna maji ya akiba.

Hatua ya pili ilikuwa kubadilishana. Fundi alizima mashine zote mbili, akazichomoa ukutani, akahamisha pawa saplai ya kompyuta nzima kuitia katika ile iliyokuwa ikisumbua, na ile iliyoshukiwa akaitia katika nyingine. Siku ya pili yake, alasiri, ikazima ile iliyokuwa haijapata kuzima. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na kifaa. Hapo hoja ya virusi ikafa, na binti yetu akawa ameondolewa lawama mbele ya kila mtu.

Hatua ya tatu ilikuwa mita. Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi wa mitaani hulikosea, na wananchi hulipa gharama yake. Wao huunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha chuma, feni huzunguka, na kifaa hutangazwa kuwa kizima. Jaribio hilo huonyesha tu kwamba kifaa hakijafa. Punda hapimwi nguvu akiwa zizini. Hupimwa akiwa na magunia mgongoni. Fundi wetu, kwa sifa yake, alipima kompyuta ikiwa imetulia, akapata volti 11.9. Kisha akaifanyisha kazi nzito kwa nusu saa, akapima tena, akapata 11.3. Ilikuwa imeshuka chini ya mpaka. Akatuonya pia kwamba mita ya kawaida hutoa wastani tu, wala haioni mawimbi madogo ya haraka yanayopita katika waya. Kwa hiyo namba nzuri katika mita si hati ya kutokuwa na dosari, lakini namba mbaya ni ushahidi tosha.

Mwisho alimulika tochi kupitia matundu ya bati bila kufungua kifuniko. Kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwa. Katika miaka ya kuanzia 1999 hadi karibu 2007 dunia nzima iliona vichwa vya namna hiyo, baada ya kapasita nyingi zenye majimaji mabovu kuenea viwandani, zikaziua kompyuta kabla ya wakati wake. Kompyuta za mtumba za kipindi hicho zimefika kwetu kwa wingi, zikiwa zimebeba maradhi ya huko zilikotoka.

Nasisitiza jambo moja kwa vijana: msifungue kijisanduku hicho. Umeme wa volti 230 ukinyooshwa ndani yake hufikia kama volti 325, nao waweza kukaa katika kapasita kubwa hata baada ya waya kuchomolewa. Kazi hiyo ni ya fundi aliyesomea.

HUKUMU

Kamati ilipokutana tena, Mama Mhazini alimgeukia fundi kwa upole, akamwuliza kwa nini mara ya kwanza alisema inawaka.

"Mama," fundi alijibu, "uliniuliza kama inawaka. Hukuniuliza kama inafaa."

Hapo pakawa na kimya. Kisha mama yule yule akasema neno ambalo lilimaliza shauri: kama kifaa hiki kingekuwa cha kusikilizia redio nyumbani kwake, angekitunza mpaka kife, lakini kwa kuwa kimebeba hesabu za watu, kiondolewe leo.

Naona hekima kubwa katika kauli hiyo. Uaminifu wa kifaa hupimwa kwa uzito wa mzigo kinaoubeba. Kifaa kile kile chaweza kufaa karakana ya kijana anayejifunza, kisifae meza ya mhazini au ya mganga. Na hatari yenyewe si kuzima tu. Pawa saplai mbovu isiyo na kinga ndani yake, inapokufa, yaweza kupeleka umeme mwingi kupita kiasi katika bodi na katika diski inayotunza kumbukumbu, ikafa pamoja navyo. Thamani ya kijisanduku ni ndogo. Thamani ya kilicho nyuma yake ni miaka ya kazi ya watu.

Vile vile hatukununua kompyuta mpya, kwa maana kipimo kilekile kilichokihukumu kijisanduku ndicho kilichoiachilia mashine iliyobaki. Laiti ushahidi ungeonyesha vumbi tu, au waya uliolegea, tungesafisha na kukaza, nacho kijisanduku tungekitunza. Si halali kutupa mali ya kikundi kwa dhana, kama isivyo halali kuitunza kwa mapenzi.

Katika kununua kingine tulijifunza kusoma maandishi ya ubavuni. Vipo vijisanduku vyepesi kama kopo tupu, vilivyoandikwa wati 500 kwa herufi kubwa. Lakini ukitazama mstari wa volti 12 utakuta ampea 14. Zidisha 12 kwa 14: ni wati 168 tu katika mstari ule unaobeba kazi nzito. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Tazameni pia kile kiswichi chekundu kilicho nyuma ya baadhi ya vifaa, chenye namba 115 na 230. Kompyuta zitokazo Marekani, ambako umeme wa majumbani ni wa volti 120, huja kikiwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo katika ukuta wa Dodoma, utasikia mlio na kuona moshi kabla hujakaa kitini.

Wapo waliopendekeza tununue yupiesi tu, ile betri ya kuziba pengo la umeme, na kukiacha kijisanduku kilivyo. Yupiesi ni kitu chema, na sasa tunayo; nchi iliyopitia mgao wa umeme mwaka 2006, mwaka 2011 na mwaka 2023 haina haja ya kufundishwa faida ya akiba. Lakini haikuwa na dawa ya ile mizimo miwili ya saa saba mchana. Hatuwezi kutibu moyo wa mgonjwa kwa kumnyooshea barabara.

FUNZO LA HAZINA

Mkasa huu mdogo wa Kizota unanikumbusha mkubwa zaidi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye hesabu zilivurugika, fedha zikapotea, na ikadhihirika kwamba tulitegemea wataalamu wa kigeni kwa kila jambo. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na zuio hilo lililegezwa baadaye. Wapo wanaolicheka leo. Mimi silicheki, wala silitetei. Naona kwamba Taifa lilikuwa limekabidhi amana kwa kitu ambacho halikuwa na watu wake wa kukipima, na lilipoumia likakikataa chote kwa pamoja. Ni yale mabishano ya kamati yetu: kwanza imani bila kipimo, kisha hukumu bila kipimo.

Tofauti ya leo ni kwamba tunao vijana. Wapo katika vyuo vya ufundi, wapo katika vibanda vya kutengeneza simu barabarani, wapo katika ofisi za Serikali zilizohamia Dodoma tangu mwaka 2016. Mita ya volti si chombo cha ajabu tena. Kinachopungua ni desturi ya kuuliza swali lililo sahihi, na subira ya kuandika majibu kwa majuma mawili kabla ya kumnyooshea mtu kidole.

Kwa hiyo basi, nashauri kila kikundi, kila shule, kila zahanati na kila ofisi ya mtaa inayotunza kumbukumbu za watu ifanye mambo manne. Iwe na daftari la karatasi la kuandikia kila hitilafu. Isafishe vumbi la mashine zake kabla ya joto la Oktoba na Novemba, mashine zikiwa zimechomolewa. Imwite fundi apime kifaa kikiwa na mzigo. Na itunze nakala ya kumbukumbu zake mahali pengine, kwa sababu hata kifaa kipya na kizuri kitakufa siku moja.

Kijisanduku chetu cha zamani kimeandikwa kwa wino mwekundu "KISITUMIKE", na fundi amekichukua awafundishie wanagenzi wake. Hakikutupwa jalalani, ambako sumu iliyomo ndani ya vifaa vya namna hiyo ingeingia katika udongo na maji yetu.

Ama binti mhasibu, kamati ilimwita mbele ya mkutano wa wanachama wote. Mwenyekiti, mzee wa Kigogo aliyemzidi umri mara tatu, alisimama, akasalimia "Mbukwenyi", kisha akamwomba radhi kwa jina lake, kwa sauti iliyofika hadi nje ya ukumbi. Binti aliipokea radhi ile. Halafu akaomba kitu kimoja tu: kitabu kipya cha stakabadhi, kwa kuwa kile cha zamani kilikuwa kimebakiwa na kurasa nne. Ombi lake lilikubaliwa bila mjadala.